Mtoto Amemaliza Mwaka wa Nane: Tumchagulie Opsio Gani?



Wiki hizi, tukikutana sokoni, shambani au nje ya kanisa baada ya misa, maongezi yanaishia palepale. Mtoto amemaliza mwaka wa nane, buleti iko mkononi, na mwezi wa tisa uko mlangoni. Aandikwe wapi? Asome nini? Wengi wetu tunajibu haraka: aende shule ya karibu, achukue opsio iliyopo, mengine tutayaona mbele. Leo tunaomba tuketi kidogo juu ya jambo hili, kwa sababu sisi wenyewe tumeshaona haraka hiyo inavyogharimu.

Mama mmoja wa kikundi chetu ametuomba tuwasimulie yaliyompata, mradi tusiandike jina lake. Binti yake tangu utotoni alisema atakuwa daktari. Alipomaliza mwaka wa nane, shule ya karibu ilikuwa na Pedagoji na Sosiali tu. Kumpeleka kwenye Sayansi kulihitaji chumba mjini, chakula na makala ya kupikia. Baba akaona kwamba diploma ni diploma, bora mtoto asome akilala nyumbani. Nasi majirani tukaunga mkono. Hatukuona ubaya wowote.

Miaka minne ikapita. Binti akapata diploma yake kwa asilimia nzuri, tukacheza, tukanywa. Mama akauza mbuzi na magunia ya viazi, akamsindikiza hadi chuo kikuu. Pale mezani swali la kwanza lilikuwa: umetoka opsio gani? Wakaelezwa kwamba kwa udaktari itabidi kwanza afanye mwaka wa matayarisho, na kwamba hakuna ahadi ya kuendelea asipofaulu. Akaingia darasa moja na wenzake waliokula kemia na fizika miaka minne mizima. Alijitahidi, lakini mwaka ukaisha bila kufaulu, na pesa za nyumbani zikaisha pamoja nao. Leo anafundisha shule ya msingi, na ni mwalimu mzuri, watoto wanampenda. Lakini mama yake anasema kinachomuuma ni kwamba hakuna mtu aliyewadanganya. Hawakuuliza tu.

Kwa hiyo sisi tunaandika ili ninyi muulize.

Njia ya masomo ilivyo leo

Wengi wetu tulisoma wakati wa miaka sita ya sekondari, na bado tunahesabu hivyo. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 ilibadili hesabu. Sasa mtoto anasoma elimu ya msingi ya miaka 8: sita ya primeri, kisha mwaka wa saba na wa nane. Baada ya hapo zinakuja humanite za miaka 4. Kile tulichokiita zamani mwaka wa tatu sekondari, leo ni mwaka wa kwanza wa humanite, na hapo ndipo opsio inapoanza.

Mwisho wa mwaka wa nane kuna mtihani wa taifa unaoitwa TENASOSP. Kazi yake ni kuchagua watoto na kuwaelekeza kwenye masomo yanayowafaa. Wengi wetu tunautazama kama mlango wa kupita tu: amefaulu, basi. Kumbe ni nafasi ya kukaa na mtoto na walimu wake na kuuliza ana nguvu upande gani.

Mwisho wa humanite uko Mtihani wa Taifa, ule tunaouita Egzeta, ulioanza mwaka 1967. Kwanza mtoto anaandika insha, anajibu Kifaransa kwa mdomo, na wale wa tekniki wanafanya kazi ya mikono. Kisha zinakuja siku za mtihani wenyewe, zenye sehemu 4: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsio. Ili apate diploma anahitaji angalau asilimia 50. Angalieni, mama zetu: sehemu nzima ya mtihani ni ya opsio peke yake. Mtoto aliyewekwa kwenye opsio asiyoiweza anabeba mzigo huo hadi siku ya mwisho.

Kila opsio na mlango wake

Ni kweli kwamba Diploma ya Taifa inamruhusu mtoto kubisha kwenye chuo kikuu. Lakini kila fakulte inatazama anayebisha ametoka wapi, na masharti hayafanani kati ya chuo na chuo.

Seksio ya Sayansi, ile ambayo wengi wetu tunaikumbuka kama Bioshimi na Matefizi, ndiyo inayomtayarisha vizuri mtoto anayetaka udaktari, kilimo, mifugo au ujenzi wa madaraja na nyumba. Anayetoka Sayansi anaweza pia kwenda sheria au uchumi bila taabu kubwa. Anayetoka kwingine akitaka udaktari, anapanda mlima.

Komersiali inaelekea uchumi, hesabu za biashara na benki. Butembo ni mji wa wafanyabiashara, sote tunajua, na mtu anayejua kutunza vitabu vya hesabu hakosi wa kumwita. Latini-Filo inamfaa mtoto anayependa kusoma na kuandika, na inampeleka vizuri kwenye sheria, lugha na mawasiliano. Sosiali inakaribiana na kazi za kuhudumia jamii.

Pedagoji inampa diploma inayomruhusu kufundisha shule ya msingi mara moja, na kuendelea kwenye vyuo vya walimu. Ni kazi ya heshima. Lakini tuseme ukweli: kuna walimu wengi kwetu wanaofundisha miaka bila kuingizwa kwenye orodha ya mishahara ya Serikali. Mtoto aichague Pedagoji kwa sababu anapenda kufundisha, isiwe kwa sababu hapakuwa na nyingine karibu.

Halafu kuna tekniki: kilimo, mifugo, umeme, ujenzi, ushonaji. Hizi tunazidharau bure. Tunaishi kwenye milima ya viazi, maharage, liki na ng'ombe wa maziwa. Mtoto aliyesoma kilimo au mifugo kwenye humanite anamaliza akiwa na kazi mikononi, na mlango wa chuo kikuu bado uko wazi mbele yake. Pesa ikikosekana mwaka huo, hakai bure akingoja.

Kwa uuguzi, zipo shule za tekniki za utabibu zinazotoa wauguzi wa kiwango cha A2. Baadaye wanaweza kuendelea kwenye chuo kama ISTM Butembo. Sisi wa eneo la afya la Musienene hatuhitaji kuambiwa thamani ya muuguzi. Tuliyaona wakati wa Ebola, kuanzia mwaka 2018 hadi 2020, na tena mwanzoni mwa 2021.

Tuna bahati kwamba vyuo haviko mbali. Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, UCG, kilianzishwa Butembo mwaka 1989, na kina fakulte za udaktari, kilimo, mifugo, sheria na uchumi, pamoja na nyingine. Butembo kuna pia Chuo Kikuu cha Serikali cha Ruwenzori. Beni kuna UCBC, ambako wanafundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Kutoka Musienene hadi Butembo ni safari fupi ya pikipiki. Mama akienda kuuza viazi anaweza kupita kwenye ofisi ya chuo akauliza. Kuuliza si ujinga, na hakulipiwi.

Maswali manne kabla ya kuandikisha

Swali la kwanza: mtoto mwenyewe anataka nini, na buleti inasema nini? Yote mawili lazima yasikilizwe. Tazameni buleti za mwaka wa saba na wa nane pamoja, msitazame asilimia ya jumla tu. Shukeni hadi kwenye mistari: hesabu, sayansi, Kifaransa. Mtoto mwenye asilimia 65 ya jumla lakini anayeanguka hesabu kila kipindi, akipelekwa Sayansi kwa sababu ya sifa ya jina tu, tunamtafutia machozi. Kinyume chake, binti anayefaulu hesabu vizuri asifichwe mahali pengine.

Swali la pili: opsio hiyo ipo kweli shuleni, au ipo kwenye kibao tu? Nendeni mkamwone prefe kwa heshima, mkaulize. Mwalimu wa kemia yupo, na amekaa muda gani? Labo ina kitu ndani, au ni chumba chenye kufuli? Kwenye opsio hii, mwaka jana watoto wangapi waliketi Egzeta na wangapi walifaulu? Prefe mwema hatakasirika. Sayansi bila mwalimu wa sayansi ni mbaya kuliko Komersiali yenye walimu kamili.

Swali la tatu: fakulte anayoiwaza inadai nini? Opsio gani wanazipokea, kuna mtihani wa kuingia, kuna mwaka wa matayarisho, kuna asilimia ya chini? Yaulizwe sasa, wakati mtoto ana miaka 14, wala msingoje afike miaka 18 akiwa na diploma mkononi.

Swali la nne: tuna nguvu ya miaka mingapi? Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vimeanza kuingia mfumo wa LMD: lisansi miaka 3, kisha masta miaka 2. Udaktari ni mrefu zaidi, miaka sita au kupita. Si vibaya kuanza na njia fupi, mtoto akafanya kazi, kisha akaendelea. Ila tulijue hilo mapema, tulipange, lisitukute njiani.

Kuhusu binti zetu

Hapa tunajisema sisi wenyewe. Mvulana akipata pointi nzuri tunamtafutia Sayansi au umeme hata Butembo. Msichana mwenye pointi zilezile tunasema ushonaji unamfaa, au Pedagoji, kwa kuwa ataolewa. Ushonaji ni kazi nzuri kwa anayeipenda, na mama wengi hapa wamelea watoto kwa cherehani. Lakini tusiuchague kwa sababu ya sketi. Kweli, tunaogopa kumlaza msichana mjini peke yake, na hofu hiyo ina sababu. Basi tutafute dawa ya hofu: ndugu wa kuaminika, nyumba ya masista, au wasichana wawili watatu wa kijiji kimoja wanaokaa pamoja na mama mmoja akiwatembelea kila wiki. Hofu tuipatie dawa, tusimfungie mtoto mlango.

Kwa familia zilizohama

Tunawakumbuka mama waliofika kwetu wakikimbia vita, wengi wao kutoka Kanyabayonga na Kirumba mwaka 2024, na wale wa upande wa Beni ambao wamehama mara nyingi tangu 2014. Mtoto aliyekuwa mwaka wa pili wa Sayansi anafika mahali ambapo opsio hiyo haipo, na anawekwa popote pa kukalia. Kabla ya kukubali, tuambieni. Mara nyingi kuna shule umbali wa kutembea kidogo inayoendelea na opsio yake. Kadiri miaka inavyosonga, kubadili opsio kunakuwa kugumu.

Na jambo moja kwa wote: tunzeni karatasi. Buleti za kila mwaka, cheti cha TENASOSP, cheti cha kuzaliwa. Chuo kikuu kitaziomba, hasa buleti za miaka miwili ya mwisho. Zitieni kwenye mfuko mmoja wa plastiki, na mkikimbia, mfuko huo ukimbie nanyi. Anayeweza kuzipiga picha kwa simu afanye hivyo na amtumie ndugu aliye mbali.

Tuanze kuweka akiba leo

Primeri ya Serikali ni bure tangu Septemba 2019, lakini humanite tunalipa, na chuo kikuu ni zaidi. Kwenye AVEC zetu tumezoea kugawana mwisho wa mwaka, pesa zikaenda kwenye sikukuu. Tunapendekeza kila mama mwenye mtoto anayeanza humanite awe na kijisanduku cha pembeni. Dola moja kila wiki, kwa miaka minne, inapita dola 200. Haitoshi kila kitu, lakini inatosha mama asiuze mbuzi wake wa mwisho siku ya kuandikisha.

Kwenye mkutano wetu ujao, kila mwenye mtoto aliyemaliza mwaka wa nane aje na buleti, na aje na mtoto mwenyewe. Tumewaomba vijana wa hapa kwetu walio chuo kikuu, wa fakulte mbalimbali, waje watuambie walitoka opsio gani na ni nini kilichowasumbua mwaka wa kwanza. Yule binti mwalimu naye amekubali kuja. Amesema atakaa na wasichana peke yao, na kwamba yuko tayari kujibu kila swali watakalomuuliza.