MASHINE IZUNGUMZAYO KAMA BINADAMU

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts nchini Marekani, alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA. Programu hiyo iliiwezesha kompyuta kujibizana na mtu kwa maandishi ya Kiingereza, ikiiga jinsi daktari wa maradhi ya akili anavyomsikiliza mgonjwa wake.

Je, ELIZA ilifanyaje kazi? Ilitafuta neno maalumu katika sentensi iliyoandikwa, ikabadili "mimi" kuwa "wewe", kisha ikairudisha sentensi hiyo kwa sura ya swali. Mtu akitaja mama yake, neno "mama" lilitosha kuifanya mashine imwombe aeleze zaidi habari za jamaa zake. Neno maalumu lisipopatikana, ilimwomba tu aendelee. Haikujua mama ni nani wala huzuni ni nini.

Hata hivyo, karani wa Weizenbaum, aliyemwona kwa miezi mingi akiitunga programu hiyo, alijibizana nayo kidogo tu, kisha akamwomba bwana huyo atoke chumbani. Jambo hilo lilimshtua Weizenbaum. Mwaka 1976 alitoa kitabu akionya kwamba zipo kazi zisizofaa kukabidhiwa kompyuta, hata ikiwa inaziweza, kwa kuwa zahitaji huruma na hekima ya binadamu.

Programu za akili mnemba za siku hizi hufunzwa kwa maandishi mengi mno, nazo hutunga jibu kwa kukadiria, hatua kwa hatua, neno lipi laelekea kufuata. Ufasaha wao wapita kwa mbali ule wa ELIZA. Kwa hiyo hatari nayo imekua. Mtu aweza kufichua siri zitakazohifadhiwa na wenye mtambo. Aweza pia kufuata ushauri wa dawa wenye makosa kwa kuwa umetolewa kwa lugha ya uhakika.

Kinga mojawapo ni uwazi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 inataka mtu afahamishwe kwamba anazungumza na mashine, isipokuwa pale jambo hilo lilipo dhahiri. Lakini kisa cha karani chaonyesha kuwa tangazo peke yake halitoshi, kwani yeye alijua tangu mwanzo. Yafaa pia mtambo usijidai kuwa na hisia, uonyeshe mipaka yake, na umwelekeze mwenye shida kwa binadamu awezaye kumsaidia.

Jambo hili laweza kujaribiwa darasani. Mwanafunzi mmoja apewe karatasi yenye maneno maalumu matano, kila moja na jibu lake, pamoja na jibu moja la jumla. Mwenzake, asiyeiona karatasi hiyo, amwandikie sentensi. Naye ajibu kwa kufuata karatasi tu. Kisha karatasi ionyeshwe kwa wote, na darasa lijadili: ni nani aliyekuwa akisikiliza?