Kuhama na Kuhamia: Mwalimu wa Kiswahili Baina ya Kampala, Kigali na Lubumbashi

Ikisiri

Wataalamu wa Kiswahili kutoka Tanzania na Kenya wanaopata kazi katika nchi jirani hukabiliwa na uchaguzi ambao mafunzo yao hayakuwaandaa kuufanya: mji upi wa kuhamia. Makala hii inafafanua uchaguzi huo kwa kulinganisha Kampala, Kigali na Lubumbashi. Inashikilia kwamba hadhi ya Kiswahili katika sheria za nchi si kipimo cha kutosha cha maisha ambayo mwalimu wa lugha hiyo na familia yake watayakuta mjini.

Utangulizi

Kitenzi hama hakilazimiki kutaja mahali pa kwenda. Mtu aweza kuhama bila msikilizaji kuambiwa aendako, kwa kuwa mkazo uko kwenye mahali anapopaacha. Kitenzi hicho kikinyambuliwa katika kauli ya kutendea, tukapata hamia, macho huelekea upande wa pili. Liko pia umbo la tatu, hamishwa, ambalo ndilo lililotawala maisha ya walimu wengi wa serikali: barua hutoka kwa mwajiri ikitaja kituo, na mwalimu hufunga virago. Katika umbo hilo hapana uchaguzi, na pasipo uchaguzi hapana elimu ya kuchagua.

Mazingira ya kazi yamebadilika. Marekebisho ya katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri la nchi hiyo likaazimia kwamba somo hilo liwe la lazima katika shule za msingi na sekondari. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo katiba yake ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa, ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mwalimu aliyesomea Dar es Salaam, Dodoma au Eldoret anaweza leo kujikuta na barua mbili za kazi mezani kwa wakati mmoja, na siku chache tu za kujibu. Aghalabu hutazama mshahara, kisha hadhi ya lugha. Vigezo hivyo viwili si vya kupuuzwa, lakini cha pili hupotosha zaidi ya inavyodhaniwa.

Kampala: somo linalohitajika, lugha isiyopendwa

Anayefika Kampala akitarajia kuongea Kiswahili sokoni atashangaa. Lugha ya mji ni Kiganda, na lugha ya ofisi na darasa ni Kiingereza. Katika soko la Nakasero muuzaji atamjibu mgeni kwa Kiingereza chepesi kabla ya kujaribu Kiswahili, hata akikijua. Sababu zake ni za kihistoria. Gavana Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala, Kabaka Daudi Chwa alipinga hadharani mwaka 1929, akiona katika pendekezo hilo tishio kwa Kiganda na kwa ufalme wake. Baadaye Kiswahili kikawa lugha ya jeshi na polisi, na utawala wa Idi Amin, uliokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, ukaacha watu wengi wakikihusisha na mtu mwenye bunduki. Mzazi wa leo huenda asiikumbuke miaka hiyo, lakini karaha hurithiwa pasipo kisa chake.

Hata hivyo, kwa upande wa taaluma, Kampala ndio mji ambamo nafasi ya mwalimu huyu iko wazi kuliko kwingine. Wanafunzi wake hawana Kiswahili cha nyumbani cha kushindana na kile cha kitabuni. Wanaanza ngeli wakiwa na ngeli za Kiganda kichwani, hivyo upatanisho wa kisarufi si kioja kwao. Mwalimu hufundisha lugha ya kigeni iliyo jirani, na mbinu anazozihitaji ni za ufundishaji wa lugha ya pili, jambo ambalo shahada nyingi za Kiswahili katika Afrika Mashariki hulipa nafasi finyu. Mwenye mbinu hizo atafanikiwa. Asiyekuwa nazo atawasomesha wanafunzi wa Kampala fasihi simulizi kana kwamba wamezaliwa Tanga.

Kigali: sheria imetangulia mtaa

Kigali ni mji wa watu wanaoelewana wote kwa lugha moja. Kinyarwanda ni lugha ya mama ya karibu kila Mnyarwanda, na hali hiyo ni adimu barani Afrika. Matokeo yake ni kwamba Kiswahili hakina pengo la kuziba. Katika miji yenye makabila mengi watu hukihitaji ili wasikilizane. Kigali hawakihitaji kwa ajili hiyo. Kipo Nyamirambo, mtaa wenye historia ndefu ya Waislamu na wafanyabiashara, na kipo miongoni mwa madereva wa malori na Wanyarwanda waliokulia Tanzania, Kenya, Kongo au Burundi. Nje ya duru hizo, mgeni anaweza kukaa wiki nzima asikisikie.

Jambo moja litamfariji. Saa za Kinyarwanda huhesabiwa kama za Kiswahili, hata majina yenyewe yanafanana: saa mbiri ya asubuhi ni saa mbili. Asisahau tu kwamba saa ya Kigali iko nyuma ya ile ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa saa moja. Darasani ukaribu huo wa lugha ni msaada na mtego kwa pamoja. Neno ejo katika Kinyarwanda hutumika kwa jana na kwa kesho, muktadha ndio unaotofautisha. Mwanafunzi anayesema kwamba atakuja jana hajakosa akili, amefasiri. Sauti l na r nazo hubadilishana nafasi kwa namna ambayo mwalimu mwenye haraka ataiita uzembe.

Kigali humvutia mtu wa familia. Ni mji safi na wenye utulivu. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi wakazi hushiriki umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi, na mgeni anayejitokeza huwafahamu majirani kwa asubuhi moja kuliko kwa mwezi wa salamu za getini. Anayependa utaratibu atajisikia nyumbani. Aliyezoea kupiga soga barazani na mpita njia yeyote kwa lugha yake mwenyewe huenda akauona mji ule mzuri na mkimya mno.

Lubumbashi: Kiswahili cha wenyewe

Mji wa tatu ndio mgumu kuuelezea, na ndio ambao walimu wengi huukosea hesabu. Lubumbashi ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, ukawa makao ya kampuni ya shaba ya Union Minière. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Watu hao hawakuwa na lugha moja, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha migodini, kambini na baadaye majumbani. Kwa hiyo Kiswahili cha Lubumbashi chenyewe ni zao la watu waliohama kwa ajili ya kazi. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa lugha hiyo historia ya mji kwa niaba ya chama cha waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, na Johannes Fabian akaichapisha pamoja na uchambuzi mwaka 1990. Msomi anayedhani kwamba Kiswahili hicho ni cha midomoni tu, kisicho na maandishi, aanzie hapo.

Mtanzania anayetua Lubumbashi husikia lugha yake kila pembe: kwenye teksi, kanisani, sokoni. Huamkiwa kwa jambo, salamu ambayo kwao imebaki ya watalii lakini hapa ni ya heshima kamili, ikifuatwa na papa au mama. Furaha yake hudumu siku mbili hivi. Kisha huanza kusikia bitabu badala ya vitabu, bantu badala ya watu, mu nyumba na ku nyumba badala ya nyumbani. Watoto wanakwenda ku masomo wala si shuleni. Chakula ni bukari, na pesa ni falanga. Hapo ndipo mkono wa mwalimu unapotafuta kalamu nyekundu.

Asiichukue. Maumbo hayo yana kanuni zake, na kiambishi bi- kwa wingi wa vitu ni cha kale na kimeenea katika lugha za Kibantu kuliko vi- ya Kiswahili sanifu. Lakini hoja ya kiisimu haimalizi tatizo la kijamii. Mwanafunzi wa Kampala akisahihishwa hukosolewa somo. Mwanafunzi wa Lubumbashi akisahihishwa hukosolewa mama yake. Akiambiwa kwamba anachokisema tangu utotoni si Kiswahili, hatabadili namna yake ya kusema, bali ataamua kwamba Kiswahili ni mali ya Watanzania na Kifaransa ni cha shule, nacho chake ni cha mitaani. Mwalimu atakuwa amekuja kukuza lugha, akaipunguzia wasemaji. Hii ndiyo sababu mji wenye Kiswahili kingi kuliko yote mitatu unamfaa mtu wa aina moja tu: anayeweza kufundisha usanifu kama lahaja ya ziada, mlango wa kuingilia vitabu na kazi za Jumuiya, bila kubomoa nyumba iliyopo.

Mambo ya kando yasiyo ya kando

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kufanya kazi katika nchi nyingine mwanachama. Anayepata mkataba wa zaidi ya siku 90 hutakiwa kuomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ulipofungwa. Kampala na Kigali taratibu hizo zimezoeleka. Kongo ni mwanachama mpya, na mwalimu asidhani kwamba ofisi zote zimekwisha kulingana. Aulize kwa maandishi nani atashughulikia viza na kibali, na nani atalipa.

Shule ya mtoto ina uzito kuliko nyumba. Kigali na Kampala mtoto atasoma kwa Kiingereza, naye akirudi Tanzania au Kenya ataweza kuendelea kwa shida ndogo. Lubumbashi atasoma kwa Kifaransa. Kwa mtoto wa chekechea hiyo ni zawadi; kwa aliyefika darasa la sita katika shule ya Kiswahili ni kuanza upya, na kuanza tena atakaporejea. Mwenzi wa mwalimu naye asiwekwe kwenye mzigo kama godoro. Mke au mume anayefanya biashara ndogo atahesabu kwa shilingi Kampala, kwa faranga Kigali, na Lubumbashi kwa faranga za Kongo na dola za Marekani pamoja, ambako kodi za nyumba nyingi hutajwa kwa dola. Umeme wa Lubumbashi hukatika mara kwa mara, na baridi ya Juni na Julai huwashangaza waliodhani Kongo yote ni msitu wa joto.

Kisha kuna swali ambalo halimo katika fomu yoyote ya maombi ya kazi: msiba. Simu ikipigwa usiku kwamba mzazi amefariki, Kampala kuna basi la Nairobi, na Kigali kuna basi linalopita Rusumo kuelekea Dar es Salaam. Kutoka Lubumbashi kwa barabara ni kuvuka Kasumbalesa, kuikata Zambia, kisha kuvuka tena Tunduma, njia ileile ya malori ya shaba; la sivyo ni tiketi ya ndege ya bei kubwa. Mwenye wazazi wazee alipigie hesabu jambo hili mapema, na nauli hiyo aiombe iingizwe katika mkataba kabla ya kutia sahihi. Mkataba wa Lubumbashi utaandikwa kwa Kifaransa, hata kama kazi yenyewe ni ya Kiswahili. Atafute mtu wa kumsomea kila kifungu, asiye mwajiri.