Doa la chai, chupa ya Jik: Jua unachomwaga

Kama umekulia Kericho ama Bomet, doa la majani chai unalijua. Mtu akichuma asubuhi nzima, utomvu hugeuka mweusi kwenye vidole na shati, na sabuni ya kipande haifui dafu. Hapo ndipo wengi hukimbilia Jik.

Jik ni jina la chapa tu, lakini Kenya hii kila bleach huitwa Jik, hata ile ya kupimiwa mtaani kwenye chupa ya soda. Neno bleach ni la Kiingereza, maana yake kukifanya kitu kiwe cheupe. Zamani Ulaya walianika vitambaa juani kwa wiki kadhaa. Mwaka wa 1774, Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi alitengeneza klorini, kisha Mfaransa Claude Louis Berthollet akaitumia kung'arisha nguo katika miaka ya 1780.

Inafanyaje kazi? Utomvu wa chai huwa mweusi ukipigwa na hewa. Bleach huvunja kile kinachobeba rangi. Shida ni kwamba haichagui: inavunja pia rangi ya jinzi yako, na sweta ya sufu inailia mbali. Itumie kwa pamba nyeupe, na maji baridi, kwa sababu maji moto huipunguza nguvu.

Sasa, kuna wasee huosha mikono nayo ili doa litoke kabla ya kwenda tauni. Acha! Ngozi ni protini kama sufu. Doa litaisha lenyewe ngozi ikijibadilisha.

Ukiosha choo, usichanganye Jik na dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ileile iliyotumika kama silaha kule Ypres, Ubelgiji, mwaka wa 1915. Kwa choo kidogo kisicho na dirisha, huna pa kukimbilia.

Maji ya kunywa je? WaterGuard ina kemikali ya jamii hiyohiyo, ila imepunguzwa na kupimwa kwa kazi hiyo. Soma kipimo kwenye chupa.

Na ile chupa ya soda? Mtoto hajui tofauti. Iandike, ifunge, iweke juu. Akimeza, usimlazimishe kutapika: mpeleke hospitali mara moja, na ubebe chupa yenyewe daktari aione.