Zamrock: Roki ya Vijana wa Migodi ya Shaba

Zamrock ni muziki wa roki uliopigwa na bendi za vijana wa Zambia katika miaka ya 1970. Ulichanganya magitaa ya umeme yenye sauti ya kukwaruza na midundo ya ngoma za nyumbani, na waimbaji wake wengi walikuwa vijana wadogo, baadhi yao wakiwa bado sekondari. Ulichipuka katika miji ya migodi ya shaba, hasa Kitwe, Ndola na Chingola, ukaenea hadi Lusaka, ukavuma kwa takribani miaka 10, kisha ukafifia. Historia yake inaonyesha kwamba bendi ya mtaani haisimami kwa kipaji peke yake. Lazima msikilizaji awe na cha kulipia kiingilio, redio iwe tayari kupiga nyimbo za nyumbani, na pawepo studio na kiwanda cha santuri. Mambo hayo yalipokuwepo Zambia, hata kwa shida, muziki ulistawi. Yalipotoweka, uliondoka nayo.

Redio ya sufuria na mishahara ya mgodini

Kabla ya magitaa ya umeme ilikuwepo redio. Mwaka 1949, nchi ikiwa bado chini ya Uingereza kwa jina la Rhodesia ya Kaskazini, ilianza kuuzwa redio ndogo ya betri iliyokusudiwa wasikilizaji Waafrika. Kasha lake la mviringo lilitokana na sufuria ya aluminiamu, na watu wakaiita hivyo hivyo, redio ya sufuria. Iliuzwa pauni 5, na betri ililipiwa kando. Kwa mfanyakazi wa kawaida fedha hiyo haikuwa ndogo, lakini redio moja iliwatosha majirani wote. Kutoka kituo cha Lusaka walimsikia Alick Nkhata, mtangazaji na mwanamuziki aliyezunguka nchini akirekodi nyimbo za asili, kisha akaimba na kundi lake nyimbo zilizozipa gitaa nafasi kati ya sauti za kienyeji. Wazo la kuoanisha gitaa na mdundo wa nyumbani lilikuwa limekwisha kuzoeleka masikioni kabla roki haijafika.

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Uchumi wake ulitegemea shaba, na bei ya shaba ilikuwa nzuri. Kitwe na miji jirani ilijaa wafanyakazi wenye mshahara wa kila mwezi, na kampuni za migodi zilikuwa zimejenga kumbi za starehe, viwanja vya mpira na vilabu vya pombe. Wafanyakazi kutoka Uingereza na Afrika Kusini walikuja na santuri za Rolling Stones, Jimi Hendrix, Deep Purple na Black Sabbath, na muda si mrefu santuri hizo zikawa mikononi mwa vijana Wazambia. Usiku waliweza pia kunasa kituo cha LM cha Lourenço Marques, mji unaoitwa Maputo leo, kilichorusha muziki wa vijana kusini mwa Afrika. James Brown aliwafundisha namna ya kulitawala jukwaa, na bendi za Kiingereza zikawafundisha kulifanya gitaa lilie.

Kutoka kukopi hadi kutunga

Kama ilivyokuwa kwa bendi nyingi za Afrika wakati huo, vijana hao walianza kwa kukopi. Mtu alisikiliza wimbo mara nyingi, akaandika maneno kadiri alivyoyasikia, akaupeleka mazoezini. Ukumbini, bendi iliyosifiwa ilikuwa ile iliyoupiga wimbo wa wageni kama ulivyo kwenye santuri. Vyombo vilikuwa ghali, hivyo mara nyingi vilikuwa mali ya mwenye ukumbi au meneja. Kijana aliyegombana na mwenye vyombo alijikuta hana bendi.

Njia hiyo ndiyo aliyoipitia Emanyeo Chanda, ambaye Zambia nzima ilimfahamu kwa jina la Jagari, lililotokana na jina la Mick Jagger wa Rolling Stones. Alianza kuimba Kitwe akiwa mwanafunzi wa sekondari. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa mwimbaji kiongozi wa WITCH, jina ambalo herufi zake ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tumekusudia kuleta vurugu". Nyuma yake walisimama Chris Mbewe na John Muma kwenye magitaa, Gedeon Mwamulenga kwenye besi, Paul Mumba kwenye kinanda na Boidi Sinkala kwenye dramu. Albamu yao ya kwanza, Introduction, inahesabiwa miongoni mwa albamu za mwanzo kabisa za bendi ya Zambia kuuzwa kibiashara. Ilifuatwa na In the Past, kisha Lazy Bones!! ya mwaka 1975, ambayo wapenzi wengi wa muziki huu huitaja kwanza.

Mabadiliko ya kutoka kukopi hadi kutunga yalisukumwa pia na serikali. Rais Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe alipenda kupiga gitaa na kuimba, aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Kizambia. Redio ikahitaji nyimbo za nyumbani kwa wingi, na bendi zilizokuwa na tungo zake zenyewe zikafunguliwa mlango. Zikatokea Amanaz, iliyotoa albamu ya Africa mwaka 1975. Ikatokea pia Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga, iliyochukua jina la maporomoko makubwa ya mto Zambezi. Ikatokea na Ngozi Family ya Paul Ngozi. Nyimbo za mwanzo zilikuwa nyingi kwa Kiingereza, baadaye Kibemba na Kinyanja vikachukua nafasi kubwa zaidi, kwa sababu waimbaji waligundua kwamba shida za pango, ndoa na ulevi zinamfikia msikilizaji upesi zaidi kwa lugha ya nyumbani kwake.

Sauti ya Zamrock

Anayeisikia Zamrock kwa mara ya kwanza huvutwa na gitaa. Sauti yake ya kukwaruza hutokana na kidude cha kukanyaga kwa mguu kinachowekwa kati ya gitaa na spika. Kidude hicho hukuza mawimbi ya umeme yanayotoka kwenye gitaa mpaka vilele vyake vinakatwa, na noti iliyokuwa laini inatoka na mkwaruzo kama sauti ya mtu aliyeshinda akipiga kelele uwanjani. Kidude cha pili huchezeshwa kwa kisigino na vidole vya mguu, na kadiri kinavyoinama na kuinuka, gitaa hufumbua na kufumba sauti mithili ya anayetamka "wa, wa". Paul Ngozi alivitumia kwa ukali kuliko wengi, na alisifika pia kwa kupiga gitaa kwa meno.

Chini ya gitaa hilo dramu hazikufuata roki ya Kiingereza moja kwa moja. Wapigaji waliingiza midundo waliyokua nayo, ambamo pigo zito haliangukii mahali pale pale kila mara, na besi ikazungukazunguka kama katika muziki wa dansi wa Afrika ya Kati. Mwimbaji naye alilazimika kupaza sauti juu ya vyote hivyo kwa vipaza sauti dhaifu. Ndiyo maana waimbaji wengi wa Zamrock huimba kwa sentensi fupi, za wazi, zinazorudiwa, na kiitikio ambacho ukumbi mzima unaweza kukipokea.

Namna ya kurekodi ilichangia pia. Mashine zilizopatikana zilikuwa na njia chache za kurekodia, hivyo bendi nzima ilipiga kwa pamoja chumba kimoja. Mmoja akikosea, wote hurudia mwanzo, au kosa linaachwa libaki. Katika santuri nyingi za Zamrock husikika mwendo ukiongezeka kidogo wimbo unapochangamka na sauti ya mwimbaji ikikaribia kukatika. Hayo ndiyo yanayompa msikilizaji wa leo hisia ya kuwa ndani ya ukumbi wenyewe.

Usiku wa bendi

Onyesho la WITCH liliweza kuanza jioni na kuendelea hadi baada ya saa sita usiku. Vijana walikuja na suruali za bugaluu, viatu vya raizoni na nywele za afro. Ukumbi ulipojaa, waliobaki nje walipanda ukutani na juu ya paa, na mara nyingine polisi waliitwa kutuliza umati. Jagari hakusimama mahali pamoja: aliruka, alicheza, alishuka kwa mashabiki na kurudi jukwaani bila kuuacha wimbo. Kwa kijana aliyezaliwa chini ya ukoloni, kumwona mwenzake wa mtaa mmoja akiutawala ukumbi namna hiyo kulimpa fahari ya uhuru ambayo hotuba haikuweza kuitoa.

Nairobi na Dar es Salaam

Studio na mitambo ya santuri haikutosha Zambia, na bendi zikatazama Afrika Mashariki. Musi-O-Tunya ilikaa na kufanya kazi Kenya, na Nairobi, iliyokuwa na studio nzuri na kiwanda cha santuri, ikawa kituo muhimu cha wanamuziki wa Zambia. Kutoka Tanzania, bendi ya Sunburst, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1970 na kuongozwa kwa sauti ya James Mpungo, ilisafiri upande wa pili. Ilirekodi Zambia albamu yake ya Ave Africa, iliyotoka mwaka 1976. Huo ulikuwa wakati ule ule reli ya TAZARA ilipokamilika na kuunganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi.

Kuporomoka

Reli hiyo ilijengwa kwa sababu ya siasa zilizouumiza pia muziki. Mwezi Januari 1973 mpaka kati ya Zambia na Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, ulifungwa, na shaba ikapoteza njia yake ya zamani ya kwenda baharini. Mafuta yakapanda bei. Bei ya shaba, iliyokuwa juu mwaka 1974, ilianguka vibaya mwaka 1975. Fedha za kigeni zikawa adimu, na pamoja nazo nyuzi za gitaa, vipuri vya spika na malighafi ya santuri. Mchimbaji aliyekuwa akilipa kiingilio kila mwisho wa wiki alianza kuhesabu gharama ya unga.

Vita vya ukombozi vilivyopiganwa Rhodesia vilivuka mpaka. Zambia iliwapokea wapigania uhuru, na ndege za Rhodesia zikashambulia ndani ya ardhi yake. Alick Nkhata, sauti ya redio ya zamani, aliuawa katika shambulio la namna hiyo mwaka 1978. Kulipotangazwa amri ya kutotembea usiku na kuzima taa, bendi zililazimika kupiga mchana, na muziki uliozoea usiku ukapoteza wateja. Kisha ikaja disko, iliyomwezesha mwenye ukumbi kumlipa mtu mmoja mwenye santuri badala ya kulipa bendi nzima, na kaseti zilizonakiliwa bila ruhusa zikamaliza mauzo yaliyobaki.

Pigo kubwa kuliko yote lilikuwa Ukimwi, ulioangamiza wanamuziki wengi wa kizazi hicho katika miaka ya 1980 na 1990. Paul Ngozi alifariki mwaka 1989. Katika kikosi cha WITCH kilichorekodi albamu za mwanzo, Jagari ndiye pekee aliyebaki hai. Alikuwa ameacha bendi mwishoni mwa miaka ya 1970, akasomea muziki katika Chuo cha Evelyn Hone mjini Lusaka, akafundisha, na baadaye akawa mchimbaji mdogo wa vito.

Kurudi kwa nyimbo

Kuanzia karibu mwaka 2010, kampuni za Ulaya na Marekani, ikiwemo Now-Again ya California, zilianza kutoa upya albamu za Zamrock. Albamu ya Sunburst nayo ilitolewa tena mwaka 2016 na Strut ya London. Mwaka 2019 filamu ya Gio Arlotta kuhusu WITCH ilimleta Jagari mbele ya watazamaji wapya, huku bendi ikiwa tayari imeundwa upya kwa kuchanganya Wazambia na wanamuziki vijana wa Ulaya. Albamu ya Zango, iliyotoka mwaka 2023, ilirekodiwa Lusaka na kumshirikisha Sampa the Great, rapa mzaliwa wa Zambia. Mwaka 2024 Tyler, the Creator wa Marekani alitumia kipande cha wimbo wa Ngozi Family, na vijana wengi wakalisikia gitaa la Paul Ngozi kwa mara ya kwanza.

Uhai huo mpya unawawezesha wazee waliobaki kueleza wenyewe walivyoimba na kupata sehemu ya malipo ambayo ujanani hawakuyapata. Unaonyesha pia thamani ya kurekodi. Bendi nyingi za miji ya migodi hazikuwahi kuingia studio, na nyimbo zao zimekwenda na waliozicheza. Zilizosalia ni zile ambazo vijana fulani, kwa vyombo vya kuazima na mashine yenye njia chache, walifaulu kuzitia kwenye santuri.