Si Kila Mwenye Maradhi ya Ini ni Mlevi

Mtu anapoonekana kijijini amekonda mashavu na mikono, huku tumbo lake limejaa kama ngoma na miguu imevimba, majirani hawakosi la kusema. Wengine hunong'ona kwamba amelogwa. Wengine husema kwamba hayo ni malipo ya pombe, hata kama mtu huyo hajaionja tangu kuzaliwa kwake. Maneno hayo yana madhara makubwa, kwa maana mgonjwa huona haya, akajificha nyumbani, na siku ambazo angaliweza kusaidiwa zikampita.

Mara nyingi maradhi hayo ni ya ini, nayo huitwa sirosisi. Jina hilo lilitolewa mwaka wa 1819 na daktari Mfaransa, René Laennec, yule yule aliyebuni chombo cha kusikilizia kifua cha mgonjwa. Alilitoa katika neno la Kigiriki lenye maana ya rangi ya manjano iliyofifia, kwa kuwa ndivyo alivyoyaona maini ya wagonjwa waliokufa.

KAZI YA INI

Ini liko upande wa kuume, chini ya mbavu, na uzito wake kwa mtu mzima hukaribia kilo moja na nusu. Laweza kufananishwa na ghala na kiwanda pamoja. Damu itokayo matumboni hupita humo kwanza. Ini huweka akiba ya sukari, hutengeneza nyongo na vitu vya kugandisha damu, tena huondoa sumu mwilini.

Likijeruhiwa mara moja, ini huweza kupona na kukua tena. Walakini likijeruhiwa kila siku kwa miaka mingi, mahali pa nyama nzima huota kovu. Makovu yakizidi, ini huwa gumu lenye vinundu, na damu hushindwa kupita, kama maji katika mfereji uliojaa matope. Ndipo maji hujaa tumboni, na mishipa ya koo la chakula huvimba hata kuweza kupasuka. Jambo la hatari ni kwamba ini halilalamiki mapema. Mtu aweza kulima shamba lake miaka mingi bila kujua kwamba limekwisha kuharibika.

ASILI YA MARADHI

Pombe ni asili moja kubwa, wala hapana haja ya kuificha. Haidhuru ikiwa ni ya chupa, busaa, chang'aa au tembo la mnazi. Kinachoumiza ini ni kileo kilichomo, na wingi wa kunywa kwa muda wa miaka.

Asili ya pili ni virusi vya homa ya ini, aina ya B na ya C. Aina ya B huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, kwa wembe na sindano zilizotumiwa na mwingine, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Katika kila watoto wachanga 10 wanaoambukizwa hivyo bila kukingwa, karibu 9 hubaki na virusi hivyo mwilini. Kwa hiyo mtu aweza kuishi bila kugusa pombe, naye akiwa amebeba adui huyo tangu siku yake ya kwanza.

Asili ya tatu ni mafuta yanayojaa ndani ya ini, hasa kwa watu wanene na wenye kisukari. Tena kichocho cha matumbo, kinachojulikana sana kandokando ya Ziwa Victoria na katika mashamba ya mpunga ya Mwea, hutia makovu kwenye mishipa ya ini na kulijaza tumbo maji vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo yapasa daktari apime kwanza, wala majirani wasihukumu kwa macho.

KULILINDA INI LILILOUMIA

Wengi hudhani kwamba mtu akiisha kuambiwa ini lake lina makovu, limebaki la kuagana tu. Sivyo. Sehemu iliyosalia yaweza kulindwa, na pengine makovu yenyewe hupungua, iwapo asili yake itaondolewa. Mnywaji aache pombe kabisa, kupunguza hakutoshi. Mwenye virusi vya B aweza kupewa vidonge vya kila siku vya kuvizuia, na mwenye vya C hutibiwa kwa majuma 8 hadi 12, na zaidi ya 95 katika 100 hupona.

Kuhusu chakula, zamani wagonjwa walikatazwa nyama, mayai na maharagwe. Sasa imejulikana kwamba katazo hilo liliwadhoofisha, kwa kuwa mwili wenye njaa hula misuli yake wenyewe. Mgonjwa ale kidogo kidogo mara nyingi, wala asilale na njaa. Uji au ndizi kabla ya kulala humfaa. Mwenye maji tumboni apunguze chumvi. Kahawa nayo imeonekana kulisaidia ini, jambo litakalowafurahisha wakulima wake.

Ajihadhari na dawa za kununua dukani. Aspirini na ibuprofeni huweza kumtoa damu na kumharibu figo. Parasetamoli ni salama zaidi, lakini asipite vidonge 4 vya miligramu 500 kwa siku, tena kwa shauri la daktari. Mitishamba isiyojulikana aiache. Mahindi yaliyoota kuvu asile: mwaka wa 2004 sumu yake iliwapata watu 317, wengi wao wa Makueni na Kitui, wakafa 125. Kila miezi 6 apigwe picha ya ini, ili saratani ikianza ionekane mapema.

Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, au akiwa na homa na maumivu ya tumbo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo akianza kulala mchana, kukesha usiku na kunena ovyo. Watu husema amepagawa na pepo, kumbe ni sumu ambayo ini limeshindwa kuiondoa, nayo imefika ubongoni. Dawa yake ipo.

Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 watoto wa Kenya huchanjwa homa ya ini ya B. Wazazi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata chanjo hiyo utotoni, na kwao kipimo kidogo cha damu chaweza kufunua yaliyofichika. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Naye jirani mwenye tumbo lililojaa, badala ya kumnong'onea, na asindikizwe kwa daktari.