Pampu kubwa, chujio dogo: kwa nini maji ya kidimbwi hayatakati

Familia iliyojaaliwa ua mpana hupenda kujijengea kidimbwi cha samaki wa mapambo, watoto wapate pa kutazama na wazazi pa kupumzikia jioni. Baada ya miezi michache maji huvurugika, samaki huhema juujuu, na baba mwenye nyumba hurudi dukani kununua pampu yenye nguvu zaidi. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo fedha zinapopotea, kwani mara nyingi kilichokosekana si nguvu bali ulinganifu kati ya pampu na chujio.

Tuanze na hesabu. Urefu, upana na kina kwa mita vikizidishwa, kisha jawabu likazidishwa kwa 1,000, hupatikana lita. Kidimbwi cha mita 3 kwa 2 chenye kina cha sentimita 60 kina lita 3,600. Kanuni ya wafugaji wengi ni kwamba maji yote yapite katika chujio walau mara moja kila saa mbili, yaani lita 1,800 kwa saa. Penye samaki wengi au joto kali ni heri kuzidisha, kwa kuwa maji ya moto hubeba oksijeni kidogo.

Sasa lipo jambo ambalo muuzaji aghalabu halisemi. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Kila maji yanapopandishwa juu ya uso wa kidimbwi, au kupitishwa katika mpira mwembamba wenye kona nyingi, kiasi hupungua. Na boksi likisema mwisho wa kupandisha ni mita 2.5, basi kwa kimo hicho halitoki hata tone. Kwa hiyo tusiiamini namba hiyo, tupime. Chukueni ndoo ya lita 20, iwekeni mahali maji yanapoingilia kwenye chujio, mtazame saa. Ikijaa kwa sekunde 40, pampu inatoa lita 1,800 kwa saa.

Chujio nalo lina kiwango chake. Likimiminiwa maji kupita uwezo wake, maji hupanda juu ya sponji na kurudi kidimbwini bila kuchujwa, yakichukua hata uchafu uliokwisha kunaswa. Yakiwa machache mno, wanaoumia ni bakteria wanaoishi ndani ya sponji na kokoto. Hao ndio wageuzao amonia ya kinyesi cha samaki, ambayo ni sumu, kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa. Nao huhitaji oksijeni inayoletwa na maji yanayopita. Ndiyo maana kuzima pampu kila usiku ili kubana matumizi ya umeme ni kuwaua bakteria, na samaki baada yao. Pampu ya wati 40 ikiwaka usiku na mchana hula takriban yuniti moja tu.

Aliyekwisha kununua pampu kubwa asiitupe. Afunge kiungo cha njia tatu chenye koki kwenye mpira unaotoka, sehemu ya maji iende kwenye chujio na iliyobaki irudi kidimbwini kama chemchemi, ambayo pia huongeza hewa. Asizibe upande wa kuvutia maji, kwani pampu hufanya kazi kwa shida na kuharibika.

(Rangi ya kijani ni habari nyingine: huo ni mwani mdogo unaopenya sponji, na dawa yake ni kivuli na kupunguza chakula.)

Sponji ioshwe kwa maji ya kidimbwi chenyewe, si ya bomba yenye klorini, na pampu ichomolewe kwenye umeme kabla ya mkono wowote kuingia majini. Chujio jipya lipewe wiki nne hadi sita bakteria wakue, na katika muda huo samaki wawe wachache.