Kutu Huanzia Kwenye Mshono

Mbuta wa chuma, sanamu ya samaki, akisimamishwa nje, pembeni mwa ziwa huko Homa Bay, kutu haimwanzii ubavuni. Humshika pale pezi lilipochomelewa mwilini. Rangi huvimba kidogo, hupasuka, kisha mchirizi wa kahawia hushuka hadi mkiani, huku magamba yaking'aa bado.

Chanzo ni moto wa welda. Fundi wa jua kali hupenda paipu zilizopakwa zinki, na ana haki: zinki hukubali kuliwa ili chuma kipone. Lakini zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi na kuchemka kwenye 907, ilhali chuma hungoja hadi karibu 1,500. Kabla viungo havijashikana, zinki ya hapo imeshageuka moshi mweupe, moshi ule ule unaoweza kumpa fundi homa jioni. Panabaki ukanda mwembamba wa chuma kitupu chini ya maganda meusi.

Fundi anayeijua kazi huupa ukanda huo muda mwingi kuliko sanamu nzima. Hugonga maganda kwa nyundo, husugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, hupangusa kwa thina, kisha hupaka rangi ya zinki siku hiyo hiyo, unyevu wa usiku usije ukamtangulia. Mshono hupakwa kwanza, kwa brashi. Mwili hupulizwa baadaye. Tumboni hutoboa tundu dogo. Maji yakikwama ndani ya paipu, rangi ya nje haina la kufanya.

Halafu kuna jua. Homa Bay iko nusu digrii tu kusini mwa ikweta, na rangi ya epoksi, hodari wa kung'ang'ania chuma, hupauka ikatoa unga isipofunikwa kwa rangi ya poliyurethani. Hapo bei hupanda, na mteja huuliza kwa nini rangi ya geti isitoshe.

Shaba isingesumbua hivyo. Hujivika yenyewe utando unaoilinda. Migori, kaunti jirani, ilikuwa nayo: ilichimbwa kwenye mgodi wa Macalder hadi miaka ya 1960. Leo fundi wa huko hununua chuma chakavu kwa kilo.

Baada ya misimu miwili mitatu ya mvua, nani atarudi na msasa kuukagua mshono? Malipo yake yaandikwe kwenye mkataba wa kwanza, au fundi aje kwa hisani? Na sanamu ikishasimama barabarani, kutu yake ni ya nani: msanii, kaunti, au sisi tunaopita?